Shoga yangu anataka kuazima riwaya niliyoifunika kwa karatasi ya kaki

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 38, naishi Likoni na nauza leso katika duka moja la Biashara Street, mjini Mombasa. Nimeolewa miaka 15 sasa, nina watoto wawili, na mume wangu ni dereva Doha, huu ni mwaka wake wa nne huko. Natanguliza haya ili ujue kwamba anayekuandikia si msichana.

Tangu shule mimi ni msomaji wa riwaya za mapenzi. Nilianza na zile ndogo za Mills & Boon tulizokuwa tukipokezana bwenini mpaka zinabaki bila jalada. Siku hizi nanunua vitabu vya mitumba kwa wale wanaovitandaza kando ya njia. Miezi miwili iliyopita nilichukua kimoja kwa sababu ya picha yake tu: nyumba ya mawe, bahari nyuma yake, na vikombe viwili vya chai dirishani. Nilidhani ni kama vile vingine. Nilikuwa kwenye feri, nimefika kama ukurasa wa 40, ndipo nikatambua kwamba mtu ambaye yule dada wa hadithi ameanza kumtazama kwa jicho jingine ni jirani yake, na jirani huyo ni mwanamke mwenzake.

Nilikifunga, nikakitia mkobani. Feri ilikuwa haijafika hata katikati ya mkondo. Kabla haijagusa ng'ambo nilikuwa nimekitoa tena.

Nikueleze kidogo. Dada mmoja anarudi kijiji cha pwani huko Uingereza kuuza nyumba ya bibi yake aliyefariki. Paa linavuja, milango imevimba kwa unyevu, hakuna mnunuzi atakayeitaka ilivyo. Jirani ni fundi seremala, anakuja kumsaidia. Hadithi yenyewe ni hiyo. Kuna siku wanapaka rangi jikoni, na tone la rangi linamwangukia yule mwenye nyumba kwenye nyusi. Fundi anavuta pindo la shati lake, analilowesha, anamfuta taratibu, na wote wawili wananyamaza. Hawabusiani. Hakuna linalosemwa. Ukurasa ule niliusoma mara nne, na siku ile nilipitiliza kituo changu cha matatu.

Pengine pana kipande cha mkate. Fundi anamwekea mwenzake kile kipande cha mwisho, cha pembeni, kilicho kigumu, kwa kuwa aliwahi kumwona akikichagua. Mimi napenda ukoko wa wali tangu utotoni. Mume wangu ni mtu mwema, hajawahi kuninyanyasa hata siku moja, lakini ukimuuliza mke wake anapenda nini kwenye sufuria hatakwambia. Shoga yangu ndiye anayejua. Kwenye kila shughuli, pilau ikipakuliwa, yeye huenda nyuma kwa wapishi akanikwangulia ukoko akaniletea kwenye kisahani.

Ya chumbani niliyaruka mara ya kwanza. Mara ya pili sikuyaruka.

Shangazi, kilichonishangaza zaidi ni mwisho. Kitabu kizima nilikuwa nangoja msiba. Nilingoja mmoja agongwe na gari, au apatwe na saratani, au ndugu zake waje wamchukue. Kurasa kumi za mwisho nilizisoma kama mtu anayepita chumba chenye giza, mkono mbele. Na hapakutokea kitu. Nyumba haikuuzwa. Walipanda viazi nyuma ya jiko, wakagombana kidogo kuhusu mahali pa kuweka kabati, kitabu kikaisha. Nilikaa kitandani saa sita ya usiku nikalia mpaka mwanangu mdogo akauliza mama ana nini. Mpaka leo sijui nililia nini.

Nilipoanza kukisoma upya nilikifunika kwa karatasi ya kaki na selotepu, kama tunavyofunika madaftari ya watoto Januari, ili watu kwenye feri wasione lile jalada. Juu sikuandika kitu.

Sasa taabu yangu. Shoga yangu huyo, tumekuwa pamoja tangu tukiwa wasichana, hakuna jambo langu asilolijua. Ameniona nimekishika kitabu hiki wiki kadhaa. Ameniona nachekea peke yangu. Amesema, "Kitabu gani hicho kinachokufanya ung'are hivyo? Ukimaliza nipe na mimi." Nimemwambia sijamaliza. Nimemwambia hivyo mara tatu, na nimekimaliza mara mbili. Ni uongo wa kwanza kumwambia tangu tujuane, na unaniwasha kuliko kitabu chenyewe.

Nauliza mambo mawili. Kwanza, kuna nini kwangu hata nikapenda kitabu hiki kuliko vyote nilivyosoma? Naswali, nafunga, namheshimu mume wangu. Sikuwa najitafutia kitu. Pili, nimpe au nisimpe? Akikisoma atanionaje?

Ni mimi,
Msomaji wa Feri

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaanza na machozi, maana hapo ndipo umesema hujui, na mimi nadhani najua.

Ulilia kwa sababu hakufa mtu.

Hebu tazama ulichoandika. Ulikaa kitabu kizima ukingoja gari, saratani, ndugu. Nani aliyekufundisha kungoja hivyo? Mills & Boon hazikukufundisha, kwa kuwa kule ulijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba daktari na muuguzi wataoana hata wakitukanana sura kumi mfululizo. Riwaya ya mapenzi ina ahadi yake kwa msomaji: wapendanao watateseka, watapotezana, lakini mwishoni watakuwa pamoja. Wewe umeisoma miaka ishirini na zaidi, unaijua ahadi hiyo kama unavyojua pindo na mji wa leso. Lakini mara tu wapendanao walipokuwa wanawake wawili, ukaacha kuiamini.

Kutoiamini huko kuna historia. Mwaka 1928 mwandishi Mwingereza, Radclyffe Hall, alitoa riwaya ya mwanamke anayempenda mwanamke. Humo hakuna ya chumbani ya kuruka, na mwisho wake ni huzuni tupu: mhusika mkuu anamwachilia mpenzi wake aende. Pamoja na huzuni yote hiyo, mahakama ya London iliamuru nakala ziharibiwe. Vitabu vya namna hiyo vilivyofuata vikajifunza kujilinda kwa kuadhibu: mmoja afe, au arukwe na akili, au aolewe na mwanamume kurasa mbili kabla ya mwisho. Hapo mchapishaji anaweza kusema, mnaona, hatukuwasifu. Kisha mwaka 1952, Marekani, Patricia Highsmith akaandika riwaya ambayo wanawake wawili wanabaki hai na mlango wa kuishi pamoja uko wazi. Hakuthubutu kuitoa kwa jina lake, akajiita Claire Morgan. Barua zikamwendea kwa wingi, na miaka mingi baadaye alieleza jinsi wasomaji walivyomshukuru kwa kuwapa mwisho usiokuwa na jeneza. Walikuwa watu wa miji mingine na lugha nyingine, lakini nadhani ungekaa nao kitandani saa sita ya usiku mkaelewana.

Na usidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Monica Arac de Nyeko wa Uganda aliandika hadithi fupi ya wasichana wawili wanaopendana mtaani kwao, ikashinda tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, mwaka 2007. Kwenye hadithi hiyo ndiko Wanuri Kahiu wa hapa kwetu alikotoa filamu yake, Rafiki, ya mwaka 2018. Unajua alichoambiwa na bodi ya filamu? Abadilishe mwisho, kwa kuwa una matumaini kupita kiasi. Alikataa, na filamu ikapigwa marufuku. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, na Nairobi watu wakapanga foleni ndefu kuitazama.

Kwa hiyo mtu aliyelelewa katikati ya haya yote, hata asiyewahi kusikia jina moja kati ya hayo niliyoyataja, hukua na mwili uliojikaza. Wewe ulijikaza kurasa mia tatu ukingoja kofi. Kofi halikuja, ukaonyeshwa viazi na kabati. Mwili ukalegea. Machozi yale ni ya kulegea, mwanangu. Si dalili ya ugonjwa.

Sasa swali lako la kwanza: kuna nini kwako?

Nikuulize na mimi. Bwenini mlipokuwa mkililia mapenzi ya daktari wa Kiingereza na muuguzi wake, kuna aliyekuuliza kama unataka kuwa muuguzi wa Kiingereza? Msomaji huingia moyoni mwa mtu mwingine, hupenda kwa moyo huo, hutoka. Ndiyo kazi ya riwaya tangu ziwepo riwaya. Na sisi watu wa pwani tumelizoea jambo hili kuliko tunavyokiri. Sikiliza taarabu yoyote ya zamani: mpenzi, muhibu, nyonda, ua langu. Anaimba mwanamke, ametunga mwanamume, au kinyume chake, na anayeimbwa hajulikani ni nani, kwa kuwa Kiswahili hakimtenganishi mwanamke na mwanamume kwa kiwakilishi. Ni yeye tu. Ubeti ukimgusa mtu huinuka akaenda kutunza, noti mkononi, na hakuna anayemsimamisha njiani kumuuliza anamtunzia nani.

Chukua sentensi yako mwenyewe: "Fundi anavuta pindo la shati lake, analilowesha, anamfuta taratibu, na wote wawili wananyamaza." Ulisoma kwa Kiingereza, ambacho kila mara kinakukumbusha jinsia ya huyu na ya yule. Lakini uliponiandikia uligeuza kwa Kiswahili, na humo wamebaki watu wawili, tone la rangi na ukimya. Mimi niliyeisoma kwa lugha yetu niliona upole kwanza. Nadhani wewe pia ndicho ulichokiona, hata kwenye Kiingereza kile.

Lakini siishii hapo, kwa kuwa kuna jibu rahisi ambalo mshauri mvivu angekupa, nami silitaki. Angekwambia: mume yuko Doha, una upweke, ukipata mapenzi ya mumeo kitabu hiki kitakutoka. Kukwambia hivyo ni kuidharau riwaya, kana kwamba mapenzi ya wanawake wawili ni chakula cha dharura kwa mwenye njaa ya kitu kingine. Ni kukudharau na wewe pia. Umesoma mamia ya riwaya, unajua nzuri na mbaya. Umeipenda hii kwanza kwa sababu ni nzuri: mwandishi wake ameweza kuweka mapenzi mazima kwenye pindo la shati lililolowa. Wengine huandika kurasa hamsini za vifua na midomo wasifike hapo.

Inawezekana pia kwamba kitabu kimegusa jambo lako mwenyewe. Wapo wanawake ambao katika umri wako, wakiwa na mume na watoto na sala tano, hutambua kwamba moyo wao una upande ambao hawakuwahi kuupa jina. Wapo wanaosoma vitabu kama hiki maisha yao yote na moyo wao haubadiliki hata chembe. Wewe ni yupi, mimi sijui, na kwa kuwa hukuniuliza kwa maneno hayo, nadhani hata wewe hujui bado. Huna tarehe ya mwisho ya kujua. Ninachokukataza ni kujiita lile neno ambalo pwani yetu hulitupa kama jiwe. Unalijua, mimi silitaji. Neno lililoundwa kwa ajili ya kutukana halifai kumpimia mtu moyo wake, wako wala wa mwingine. Na likiwa kweli siku moja kwamba unapenda hivyo, utakuwa ni mtu yuleyule aliyeniandikia barua hii, mwenye kuona aibu kwa uongo mdogo wa "sijamaliza".

Hapa nataka nikae kidogo kwenye ukoko.

Uliandika habari ya kipande cha mkate, na bila hata kuanza aya mpya ukaandika habari ya ukoko, na nani anayekuletea kwenye kisahani. Nina hakika hukukusudia. Mimi sikwambii kwamba unampenda shoga yako kwa namna ya yule fundi. Sikwambii pia kwamba humpendi. Kiswahili cha wanawake wa pwani kimeliacha neno shoga wazi kwa hekima: ndani yake mna siri, mna kuchekana, mna kulala kitanda kimoja msibani, mna mtu anayekujua kuliko aliyekuoa. Wengi wetu tumependwa hivyo na hatukuwahi kuliita pendo kwa sababu halikuwa na posa wala mahari. Kitabu kimekuonyesha tu kitu kilichokuwa mbele yako, kwamba kuna mtu ambaye kila shughuli huenda nyuma kwa wapishi kwa ajili yako. Litazame hilo. Si lazima ulifanyie chochote.

Na mumeo naye asihukumiwe kwa jambo ambalo hajawahi kuambiwa. Miaka minne ya simu ni mingi. Nimepokea barua nyingi za wake wa Ghuba, na simu zao hufanana: karo imefika, paa limetengenezwa, mama anaendeleaje, haya usiku mwema. Mtu hawezi kujua ukoko kupitia simu ya namna hiyo. Ijumaa ijayo mwambie. Usianze na kitabu, anza na ukoko. Mwambie, "Unajua mimi tangu mtoto napenda ukoko?" Halafu muulize yeye ni kitu gani anachokipenda ambacho hujawahi kukijua. Simpi mumeo nafasi hii ili akufutie riwaya kichwani. Nampa kwa sababu umesema ni mtu mwema, na mtu mwema anastahili kumjua mke wake.

Kuhusu sala zako, mimi si shehe na sitajifanya. Najua unachosikia kwenye mawaidha, sina haja ya kukurudia. Ila nitasema hili: kusoma kwa huruma habari za watu wawili wanaotendeana wema hakujakufanya uwe mama mbaya au mke mbaya. Barua yako yote imejaa hofu ya kumdanganya mtu na hofu ya kumvunjia mtu heshima. Anayeogopa mambo hayo mawili hajapotea.

Tuje kwa shoga yako.

Nianze na tahadhari, kwa kuwa nakupenda na najua unapoishi. Kitabu si kosa. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019, vinahusu matendo ya mwili, havisemi neno kuhusu kusoma riwaya. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba mtaani haiendeshi sheria, huendesha ulimi. Mtu anaweza kupoteza kazi dukani kwa neno lililosemwa kwenye foleni ya feri. Kwa hiyo karatasi yako ya kaki haikuwa ujinga wala uoga wa kuonea aibu. Iache ilipo. Usikisome mbele ya wateja, usikiache juu ya meza ya duka, na usipige picha ya ukurasa ukaituma kwenye kikundi cha simu hata kama kikundi ni cha ndugu watupu. Picha haina karatasi ya kaki.

Shoga yako ni jambo jingine. Humfichi kwa kuwa ni hatari. Umesema hakuna jambo lako asilolijua, na kwa muda wote huo siri zako ziko kwake salama. Unamficha kwa kuwa akikisoma huenda akajiuliza kuhusu wewe, na pengine kuhusu ninyi wawili. Hiyo ni hofu ya kweli, siipuuzi. Lakini "sijamaliza" ya nne itakuwa nzito kuliko ya tatu, na yeye ni mtu anayekujua hata unavyocheka. Ameshajua kuna kitu. Anachokosa ni habari, na mtu akikosa habari hujitungia ya kwake, mara nyingi mbaya kuliko ukweli.

Usimkabidhi kitabu kimya kimya. Ukifanya hivyo atafika ukurasa wa 40 peke yake kama wewe, na hatakuwa na mtu wa kumtazama usoni. Pia usianze kwa kujitetea, "Usinifikirie vibaya lakini..." Ukiomba radhi kabla ya kosa umelitengeneza kosa mwenyewe.

Msimulie. Chagua siku ambayo mko wawili tu, watoto wako chuoni, mnachambua mchele au mnakuna nazi, mikono ina kazi na macho hayalazimiki kukutana. Mwambie, "Kile kitabu nilikudanganya, nimeshakimaliza. Nilikuwa naona haya kwa sababu wanaopendana humo ni wanawake wawili." Sema hivyo tu, kwa sauti uliyotumia kusema mchele una chuya. Kisha mpe hadithi. Mwambie kuhusu nyumba ya bibi na milango iliyovimba. Mwambie kuhusu rangi kwenye nyusi, pole pole, usiruke ule ukimya. Ukifika kwenye kipande cha mkate utajua mwenyewe kama utamtajia ukoko au utauacha.

Akikunja uso akasema hayo ni maneno machafu, basi umejua, na urafiki wenu unaweza kulibeba hilo. Mwambie, "Sawa, mimi nilikipenda," mchambue mchele umalizike. Usimbishie na usimgeuze. Kitabu kirudi sandukuni kwako, na mwakani utakisoma mara ya tatu. Hutakuwa umepoteza shoga, maana tofauti ya kitabu si talaka, na utakuwa umejitua uongo uliokuwasha.

Lakini kama mikono yake itasimama kwenye ungo, akakutazama, akasema, "Enhe, kisha ikawaje?", usimsimulie mwisho. Inuka uende chumbani, umletee kitabu chenyewe na kaki yake.